Muuza Sanda wa Kuze

Mejumaa Ngala alikuwa na kanuni moja: tangazo la maiti halisemi mtu amekufa kwa nini. Linasema jina lake, ni mtoto wa nani, anatolewa nyumba gani, anaswaliwa msikiti upi na saa ngapi. Basi. Aliishika kanuni hiyo kwa miaka yote aliyoendesha ukurasa wake wa mtandaoni, na akaivunja mara moja tu.

Duka lake lilikuwa Kuze, chumba kimoja chenye mlango wa mbao uliobanduka rangi. Aliuza bafta ya sanda, karafuu maiti, ubani, udi na pamba. Mtu akifiwa, hapo ndipo alipofika kwanza, kwa hivyo Mejumaa alikuwa akijua vifo kabla ya majirani kuvijua. Wateja walimwomba, huku akiwakatia kitambaa, awajulishe na wengine: shangazi aliye Makupa, mjomba aliye Muskati, rafiki wa marehemu aliyehamia ng'ambo ya pili. Ndivyo ukurasa wake ulivyozaliwa, na haukuchukua muda ukawa ndio mdomo wa mji. Wazee waliokuwa wakipita mlango kwa mlango kuwaita watu mazikoni wakaacha kupita. Misikiti mingine ikaacha kutangaza. Mtu akiulizwa mbona hakuja kuzika, alijibu, "Sikuona kwa Mejumaa," na udhuru huo ukapokewa. Msomaji na aukumbuke, kwa sababu utarudi.

Waliishi Kibokoni, yeye na babake, Mzee Ngala. Mejumaa alikuwa ameachwa na mume zamani, hakuwa na mtoto wala kaka. Mzee alitoka Rabai akiwa kijana, akabeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukamkataa, na tangu hapo kazi yake ikawa kuosha maiti. Hakulipwa. Aliitwa saa yoyote naye akaenda, na mguu wake uliovimba, umevikwa kanda, zile ndara zake za plastiki. Yeye ndiye aliyemfundisha bintiye kanuni ile, kwa kuwa nayo ilitoka kwenye kanuni ya waosha maiti: alichokiona muoshaji juu ya kitanda cha kuoshea hakitoki nje ya mlango. Kidonda, kovu, uchafu, chochote. Mzee Ngala aliosha walevi, akaosha wazinzi, akaosha watu waliokufa kwa maradhi ambayo jamaa zao waliyaficha, na hakuna mtu aliyewahi kusikia neno.

Kisha akaoshwa Mbwana.

Mbwana alikuwa mpakuzi wa malori Makupa, mtoto wa pekee wa Mwanaesha, mwanamke aliyekuwa akipika mahamri nyuma ya duka la Mejumaa. Alikuwa na mdomo. Alijirekodi video fupi akiwa amesimama mbele ya malori, akamtaja kwa jina mkubwa mmoja wa serikali aliyekuwa akiwanyima wapakuzi kazi na kuwapa watu wake. Video ikasambaa. Watu waliicheka, wakatumiana, wakamwita Mbwana simba. Siku chache baadaye alichukuliwa barazani mchana, mbele ya hao hao waliomwita simba, na watu wenye gari lisilo na nambari. Hakuna aliyesimama. Wiki ikaisha, akarudishwa ndani ya shuka, na karatasi ya hospitali iliyosema alishikwa na kifafa. Afisa aliyekuja na maiti, mtu wa bara mpole wa maneno aitwaye Crispus, alimwomba mamake azike haraka na kwa utulivu.

Asubuhi hiyo Mejumaa aliandika tangazo kama kawaida yake. Jina, mama, nyumba, msikiti, baada ya Alasiri. Hakuongeza kitu.

Mzee Ngala alitoka chumba cha kuoshea akiwa bado na maji viwikoni. Akaketi barazani. Alipewa kahawa, akakishika kikombe mpaka ikapoa.

Mwanaesha alitoka ndani, akachutama mbele yake. "Baba Ngala, nambie. Mwanangu ameonekana vipi?"

"Amesafika, mwanangu. Mshukuru Mungu."

"Sikuuliza kusafika. Nauliza ameonekana vipi."

"Mwanaesha, wajua kanuni yetu."

"Wameniambia kifafa. Mwanangu hakuwa na kifafa. Nimemzaa mimi. Ukinyamaza wewe, nani mwingine aliyemuona? Udongo?"

Mejumaa alikuwa amesimama mlangoni, nusu ya buibui lake imefunika mdomo. Mzee akaweka kikombe chini.

"Aibu ya maiti nimeificha maisha yangu yote," akasema. "Na ya Mbwana nitaificha, kama ana aibu. Lakini hii niliyoiona si aibu yake. Ni ya mtu mwingine, na mtu huyo yu hai, yuwala, yuwalala. Sikuapa kumfichia yeye."

Akasema alichokiona. Alikisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza vipimo vya kiunza, ubao wa kaburini. Mwanaesha hakulia. Alimgeukia Mejumaa akasema, "Andika."

"Mama, mimi siandiki sababu."

"Basi futa jina la mwanangu kwenye huo ukurasa wako. Sitaki azikwe kama aliyekufa kwa kifafa."

Mejumaa akaandika. Maneno yenyewe yalikuwa haya: *Alichukuliwa mzima barazani. Amerudishwa maiti. Aliyemuosha ameona alama za kamba mikononi na miguuni, na kucha zimeng'olewa. Hakufa kwa maradhi.* Hakumtaja aliyefanya, kwa kuwa hakumjua. Hakumtaja babake.

Mazishi ya Mbwana yalijaa hadi barabarani. Watu walitoka Makupa kwa miguu. Jeneza halikukaa bega moja kwa zaidi ya hatua chache, maana katika mji huu wanaume hushindania kulibeba, kila mmoja akitaka fungu lake la thawabu, na siku ile lilipita juu ya vichwa kama kitu kisicho na uzito. Waliosoma tangazo walilituma mpaka likafika mahali ambako hakuna aliyejua Kuze iko wapi. Kwa siku mbili Mejumaa alikuwa shujaa wa mji. Watu walimwambia hivyo wakiwa na simu mikononi.

Siku ya tatu tangazo lilitoweka. Mahali pake palikuwa na maelezo mafupi kutoka kwa kampuni yenye mtandao ule, kampuni ambayo hakuna mtu wa kisiwa hiki aliyewahi kuona mlango wake. Yalisema tangazo limeondolewa kufuatia ombi la kisheria la serikali na kwa kukiuka viwango vya jamii. Palikuwa na mahali pa kubonyeza ukitaka kukata rufaa. Mejumaa akabonyeza, akaandika kwa Kiswahili kizuri kwamba yeye ni muuza sanda, kwamba maiti ameonwa kwa macho, kwamba mama wa maiti ndiye aliyetaka. Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini: wamelipitia upya, uamuzi ni ule ule. Akaliandika tangazo tena. Ukurasa wote ukafungwa.

Wote, nasema. Maiti wote wa miaka yote, majina ya baba zao, dua walizoandikiwa na ndugu walio mbali. Jamii ambayo viwango vyake vilikiukwa haikuulizwa. Lakini sina budi kusema pia ilivyofanya, kwa sababu haikuwa bora kuliko kampuni.

Wanawake walikuja dukani. Wa kwanza alikuwa amemzika mamake mwaka uliopita.

"Rambirambi za ndugu zangu wa Muskati zilikuwa humo, Mejumaa. Hebu nirudishie."

"Si mimi niliyefuta, dada."

"Nani basi?"

"Kampuni. Kwa kuombwa na serikali."

"Serikali yamjua mamangu? Wewe ndiye uliyewachokoza. Ulikuwa na kazi moja: kutwambia nani amekufa. Ukataka kuwa gazeti."

Hakununua kitu siku hiyo wala siku nyingine.

Kisha Mejumaa akaitwa afisini kwa Crispus. Alipewa kiti na chai. Crispus hakupandisha sauti hata mara moja, na watu wa namna hiyo mimi nawaogopa kuliko wanaopiga meza.

"Mama, mimi sina ugomvi nawe. Nataka jambo dogo tu. Nani alikwambia hayo ya kucha?"

"Nimeandika: aliyemuosha."

"Jina."

"Waosha maiti hawatajwi."

"Na hawasemi pia, nimeambiwa. Wa kwenu amesema." Akatabasamu. "Kuna sheria ya kusambaza uongo mtandaoni. Kifungo chake si kidogo. Lakini mimi napenda watu wazee wapumzike. Andika mistari miwili: kwamba ulidanganywa, hakuna aliyeona chochote. Ukurasa wako utarudi. Sisi ndio tulioomba ufungwe, na sisi tunaweza kuomba ufunguliwe."

"Kwa hivyo haikuwa kampuni."

"Kampuni ni watu wenye adabu, mama. Wakiombwa, wanaitika."

Alikuwa bado amekaa pale mlango ulipofunguliwa. Babake alikuwa amemfuata kwa miguu kutoka Kibokoni, na kofia yake mkononi. "Sabalkheri," akasema. "Mnayemtafuta ni mimi."

Walimwacha Mejumaa aende nyumbani, wakambakiza mzee. Hawakumpiga. Walimweka ukumbini kuanzia asubuhi mpaka jioni, amesimama, kwa sababu kila kiti alichokisogelea kilikuwa, ati, cha mtu mwingine. Alipoomba kwenda msalani, askari mmoja alimwambia wanaoosha maiti hawana haraka. Alirudi na mguu umevimba mpaka ngozi inang'aa. Mejumaa alipouvua ule mguu kiatu, ilibidi akikate kwa mkasi wa kukatia sanda.

Kesi haikuja. Hawakuihitaji. Mji ulimalizia kazi yenyewe.

Wazee wa msikiti waliketi wakasema Mzee Ngala amevunja amana ya muoshaji. Hilo walilisema kwa masikitiko makubwa, kama watu wanaolinda dini. Wengine wakakumbuka ghafla kwamba yeye, hata hivyo, si mtu wa mji, ni mtu wa kuja, na watu wa kuja hawazijui heshima za hapa. Alikuwa ameosha baba za wengi wao. Tangu siku hiyo hakuitwa tena kuosha. Akisikia msiba alivaa kanda zake akaketi barazani, akangoja, mpaka akaona jeneza linapita. Waoga wana ujuzi mmoja: wakitaka kunyamaza, hutafuta kanuni nzuri ya kunyamazia. Kanuni iliwekwa imlinde maiti asiyeweza kujitetea. Wao waliigeuza imlinde aliyemuua.

Pengo la ukurasa halikukaa wazi. Khubaib, muuza simu wa hapo hapo Kuze, alifungua kundi lake la matangazo ya misiba. Kabla ya kulifungua alikwenda kwa Crispus kuomba baraka, akarudi na utaratibu: kila tangazo lipelekwe kwanza afisini lisomwe, likirudi ndipo litolewe. Hakuliona kuwa ni jambo la kuficha. Alijisifia.

"Kwangu hakuna matata," aliwaambia watu waliokaa mbele ya duka lake, Mejumaa akipita. "Maiti wangu wote wanakufa kwa sukari na presha. Hata akikatwa kichwa, ni presha!"

Wakacheka. Mmoja akaongeza, "Na wewe Mejumaa, ukifa tuandike nini?"

"Andikeni mlikuwepo," akawajibu, akaenda zake.

Watu wote wakaingia kwa Khubaib. Namba ya Mejumaa wengi waliifunga wasipokee simu yake, wasije wakaonekana wanazungumza naye. Bafta yake ilianza kuwa manjano kwenye mikunjo. Mwanaesha peke yake ndiye aliyekuja kila jioni na mahamri yaliyobaki, wakala bila kuzungumza sana. Crispus naye alipiga simu mara kwa mara, mpole vile vile, kuuliza hali ya mzee, na kukumbusha kwamba ile mistari miwili bado inangojewa.

Mguu wa mzee haukupona. Kidonda kilifunguka, kikapanda. Alikufa nyumbani baada ya Alfajiri, siku ya kazi, na alikuwa ameshausia asicheleweshwe: akifa usiku azikwe asubuhi, akifa alfajiri azikwe saa nne. Mejumaa alimfunika, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Khubaib, akamgongea mlango.

"Babangu amefariki. Saa nne. Toa tangazo."

Khubaib alisikitika. Nadhani alisikitika kweli, lakini haikumzuia. "Pole sana, Mejumaa. Mzee wetu sote. Ngoja nipeleke kule."

"Usipeleke. Toa."

"Nikitoa bila ruhusa kundi lafungwa. Watu watazikana vipi?"

Alipiga simu, akazungumza kwa upande, akarudi uso umebadilika. "Crispus yuwasema pole. Yuwasema tangazo litatoka sasa hivi. Ila liwe na ile mistari miwili chini yake, kutoka kwako. Kwamba mzee hakuona kitu kwa Mbwana. Dakika mbili tu, simu hii hapa. Mzee amekwenda, haitamdhuru tena mtu. Na wewe mwenyewe wajua, bila tangazo hakuna atakayekuja."

Alijua kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyeufundisha mji kungoja tangazo.

Akaishika simu. Khubaib alisimulia baadaye kwamba alidhani ameshinda. Mejumaa aliitazama, akamrudishia.

"Babangu ameona. Nikiandika hakuona, nitakuwa nazika muongo. Na Mbwana atakufa kwa kifafa mara ya pili. Kaa na kundi lako."

Akarudi Kibokoni akaanza kupiga simu. Wengi simu zao hazikuita hata. Wengine walipokea, wakasema inshallah. Akamtuma Mwanaesha msikitini. Imamu alikuwa radhi kuswalisha, lakini akasema matangazo siku hizi ni ya Khubaib, si ya kipaza sauti. Mwanaesha akapita vichochoro akigonga milango kama zamani walivyofanya wale wazee. Wanawake walifungua. Wanaume walikuwa, ati, wametoka mapema kwenda kazini. Ni nyumba zinazoshirikiana kuta. Mtu akikohoa upande huu, upande wa pili wajua ana mafua. Kilio cha Mejumaa walikisikia.

Aliyemuosha mzee alikuwa muoshaji mwenzake mmoja, peke yake, kazi ya watu watatu. Sanda ilitoka dukani kwa Mejumaa, ile iliyoingia manjano. Saa nne ilifika, na mwanamke kwa desturi yetu hafuati jeneza. Alisimama mlangoni akatazama babake akitolewa.

Sisi tuliokuwepo hatukuwa na wa kupokezana naye. Mabega yaliyoanza Kibokoni ndiyo yaliyomaliza mavani, kaburini. Njiani, mbele ya duka la soda, mzee mmoja kati yetu alishikwa na pumzi, na jeneza likawekwa chini, barabarani, juu ya kreti mbili. Tangu nizaliwe sijaona jeneza likiwekwa chini katika mji huu. Msichana wa kazi aliyekuwa akipangusa dirisha aliacha kupangusa. Bodaboda mmoja akapiga honi tumpishe.

Tangazo lilitoka kwa Khubaib baada ya Isha, bila ile mistari miwili. Kumbe Crispus aliliruhusu, kwa kuwa halikumdhuru tena mtu. Lilisema: Mzee Ngala wa Kibokoni amezikwa leo. Ameugua kwa muda mfupi. Chini yake zilimiminika rambirambi, mamia, maua na mikono ya dua, na karibu kila mmoja aliandika neno lile lile kwa namna yake: sikuona tangazo, laiti ningalijua.

Mejumaa amefunga duka. Anashona mito ya makochi kwa mtu wa Makupa. Hajaandika ile mistari miwili, na tangazo la Mbwana halipo popote ila kwa walioliweka kwenye simu zao kabla halijafutwa, nao hawalionyeshi mtu.

Mzee Ngala, aliyewaosha wafu wa mitaa miwili bila malipo, aliswaliwa na safu moja, na safu hiyo haikufika ukutani.